Kabla ya kufufua gari la kale, piga hesabu ya kutu

MTU anayeingia kwa mara ya kwanza katika kazi ya kufufua magari ya kale huanza na swali moja: gari hili linauzwa kiasi gani? Fundi mzoefu huanza na swali jingine: limeoza wapi?

Maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kitakachoonekana miaka miwili baadaye. Ama kutakuwa na gari linalotembea barabarani, ama kutakuwa na bodi tupu iliyokaa juu ya matofali, vipuri vimejaa kwenye maboksi, na akiba ya nyumba imekwisha.

Kazi hii si ya matajiri peke yao. Huko Marekani, Ulaya na Japani, walimu, mafundi umeme, wakulima na wastaafu hununua gari dogo la mbio la zamani na kulitengeneza wenyewe nyumbani, jioni na siku za mapumziko. Wengi wao hawajawahi kufungua injini kabla ya hapo.

Hapa Afrika Mashariki nako mapenzi hayo yapo. Nairobi huwa na mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo waamuzi hukagua magari na pikipiki kuanzia usafi wa injini hadi upande wa chini. Tangu mwaka 2003 kumekuwa pia na mbio za East African Safari Classic, zinazoshirikisha magari ya enzi zilizopita.

Hesabu ya kazi hii inawafaa pia watu wasio na habari na magari ya mbio. Mkulima mwenye trekta lililosimama chini ya mwembe, au mfanyabiashara mwenye mashine ya kusaga iliyokufa, anakabiliwa na uamuzi uleule: kufufua, kuuza, au kuacha.

Datsun iliyotamba Safari

Mfano mzuri ni Datsun 240Z. Ni gari la milango miwili na viti viwili, lenye boneti ndefu, ambalo kampuni ya Nissan ilianza kuliuza mwaka 1969 huko Japani kwa jina la Fairlady Z. Lilipoingia Marekani kwa mwaka wa mauzo wa 1970, bei yake ilikuwa dola 3,526.

Kwa bei hiyo mnunuzi alipata injini ya silinda sita ya ujazo wa 2,393, kabureta mbili, breki za diski mbele na springi zinazojitegemea kwa kila gurudumu. Magari ya Ulaya yenye sifa hizo yaliuzwa ghali zaidi. Haishangazi kwamba mfululizo wake wote, yaani 240Z, 260Z na 280Z, uliuzwa zaidi ya magari 500,000 hadi ulipofika mwisho mwaka 1978.

Wazee wa Kenya, Uganda na Tanzania wanalikumbuka kwa sababu nyingine. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda East African Safari wakiendesha 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine.

Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akiwa na Lofty Drews. Mbio hizo ziliisha kwa sare ya pointi kati ya Datsun mbili, ndipo Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikuwa ametembea umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan katika mkusanyo wake wa magari ya kale huko Zama, Japani. Hata hivyo, gari lililovumilia matope na mawe ya Safari lina adui mmoja linayeshindwa kumvumilia, naye ni kutu.

Kiwanda chenyewe kilisalimu amri

Mwishoni mwa miaka ya 1990, tawi la Nissan la Marekani lilikuwa na wazo. Lilinunua 240Z za zamani, likazipeleka kwenye karakana za mafundi bingwa zifufuliwe hadi zifanane na mpya, kisha likaziuza kupitia wauzaji wake kwa karibu dola 25,000 kila moja.

Mpango huo ulifungwa kabla ya magari 50 kukamilika. Mwenye mpango alikuwa mtengenezaji wa gari lenyewe, aliyekuwa na michoro, vipuri na mafundi. Pamoja na hayo yote, gharama za karakana zilikuwa nzito mno kwa bei ile.

Anayeanza anapaswa kuukumbuka mfano huo kila anaposikia kwamba magari ya kale yanalipa. Habari za bei kubwa ni za kweli, lakini hazihusu kila gari. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola 310,000.

Gari hilo lilikuwa limetembea maili 21,000 tu hivi, sawa na kilomita 34,000, na lilikuwa limetunzwa katika hali yake ya asili. Kwa maneno mengine, mnunuzi alilipia gari ambalo halikuhitaji kufufuliwa.

Soko la magari ya kale hulipa vizuri zaidi kile ambacho fedha haiwezi kukirudisha: bati la kiwandani lisilooza, rangi ya kwanza, namba zinazolingana na kumbukumbu za matunzo. Gari lililooza halipandi thamani kwa kukaa. Linashuka kila msimu wa mvua, kama gunia la mahindi lililoachwa kwenye sakafu yenye unyevu.

Kutu hukaa wapi

Datsun 240Z haina chesisi iliyotengana na bodi kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango na mihimili iliyo chini ya injini na viti ndivyo vinavyobeba gari. Vikioza, haijaharibika sura tu, gari limepoteza uti wa mgongo.

Ndiyo maana mwenye kununua anashauriwa aanze ukaguzi chini, siyo kwenye rangi. Sehemu za kuangalia zinajulikana.

Ya kwanza ni chini ya betri. Kwa miaka mingi, maji ya betri yenye tindikali hudondoka, yakala sinia yake, kisha yakashuka kwenye mhimili wa mbele na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ng'oa betri utazame, usitosheke kufungua boneti.

Ya pili ni sakafu na mihimili iliyo chini yake. Mihimili hiyo ni ya bati jembamba lililokunjwa, na maji yakiingia ndani hayana pa kutokea. Inua kapeti. Kapeti likiwa na unyevu wakati wa kiangazi, ujue maji yanaingia mahali fulani.

Ya tatu ni chini ya kioo cha mbele. Majani makavu hujaa kwenye mfereji wa maji, maji yakakosa njia, yakateremka nyuma ya mbawa za mbele na kuozesha ncha za vizingiti. Ya nne ni kona za nyuma ya milango, mbele ya magurudumu ya nyuma. Ya tano ni ukingo unaokaliwa na mlango wa buti.

Vifaa vya ukaguzi ni rahisi. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini hung'ang'ania bati na kukataa kushika mahali palipozibwa kwa puti. Bisibisi ikigongwa taratibu chini ya sakafu hutoa mlio mkali kwenye chuma kizima na mlio mzito kwenye chuma kilichooza. Tochi na turubai la kulalia chini vinakamilisha orodha.

Angalia pia milango. Ifungue na kuifunga polepole. Ikiwa inashuka ikifunguliwa, chunguza kama ni bawaba zilizochoka. Ikiwa nafasi kati ya mlango na bodi ni finyu juu na pana chini, inawezekana bodi imeanza kupinda katikati.

Mwisho ni karatasi. Namba ya bodi imepigwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na injini ina namba yake inayoanza na L24. Magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani huwa na herufi HS30 mwanzoni mwa namba ya bodi, na ya usukani wa kushoto HLS30. Namba zisipolingana na kadi ya gari, usitoe fedha mpaka suala hilo liishe.

Rahisi inapokuwa ghali

Chukua mfano wa hesabu, ambao namba zake ni za kufundishia tu. Gari la kwanza linauzwa dola 4,000. Linang'aa kwa mbali, lakini sakafu, mihimili na vizingiti vimeoza. Kazi ya bodi itachukua saa 400. Gari la pili linauzwa dola 10,000. Rangi yake imefifia na viti vimechanika, ila bati ni zima. Kazi ya bodi itachukua saa 80.

Kama saa moja ya fundi ni dola 60, bodi ya gari la kwanza itakula dola 24,000 na ya pili dola 4,800. Jumla ya gari la kwanza ni dola 28,000, na la pili dola 14,800. Lile lililoonekana rahisi limekuwa ghali karibu mara mbili, na hapo injini, breki na viti havijaguswa.

Anayefanya kazi mwenyewe husema hatalipa fundi, hivyo saa hizo ni za bure. Si kweli. Saa 400 ni siku 50 za kazi ya saa nane. Akiwa na nafasi ya Jumamosi moja kwa wiki, ni karibu mwaka mzima wa kuchomelea tu. Saa hizo zingeweza kulima, kuuza dukani au kukaa na watoto. Ziandikwe kwenye daftari hata kama hazilipwi.

Kuna jambo la pili ambalo daftari hufichua. Watu wengi hushindwa kuacha kazi inayowatia hasara kwa sababu ya fedha ambazo wameshatumia. Husema, "Nimeshaweka milioni nne, siwezi kuacha sasa." Lakini hizo milioni nne zimekwenda, iwe ataendelea au ataacha. Swali la haki ni hili: kiasi kilichobaki kutumika kitaongeza thamani kubwa kuliko chenyewe?

Ndiyo maana inafaa kuandika kikomo kabla ya kununua, fedha zikiwa bado mfukoni. Juu ya makadirio ya kwanza iongezwe akiba ya angalau theluthi moja, kwa sababu kutu inayoonekana mara zote ni ndogo kuliko ile iliyojificha. Makadirio pamoja na akiba hiyo yakizidi kikomo, gari hilo si lako.

Usifungue yote kwa mara moja

Kosa linaloua miradi mingi ya wanaoanza ni furaha ya wiki ya kwanza. Mtu hushika spana, na kufikia Jumapili jioni gari zima liko vipande vipande. Kufungua ni rahisi na hakuna gharama. Kurudisha ndiko kunakotaka fedha, kumbukumbu na subira.

Gari lililofunguliwa pia hupoteza bei papo hapo. Mnunuzi hawezi kulijaribu, hawezi kujua kama vipuri vyote vipo, na anajua kwamba muuzaji amekwama. Gari lilelile likiwa limefungwa, hata kama haliwaki, huuzwa kwa bei nzuri kuliko likiwa ndani ya maboksi.

Njia iliyo salama ni kugawa kazi kwa sehemu, kama mkulima anavyogawa shamba. Breki zifunguliwe, zitengenezwe na kufungwa. Kisha mfumo wa mafuta. Kisha umeme. Fedha zikikatika katikati ya mwaka, gari linabaki gari. Kufungua kila kitu kunahalalishwa na jambo moja tu, yaani bodi iliyooza kiasi cha kuhitaji kuchomelewa upya, na hapo fedha ya kazi nzima ya bodi iwe tayari mkononi.

Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kabla na baada. Simu ya mkononi inatosha. Bolti na nati za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake wenye maandishi. Nyaya zifungwe vibandiko vyenye namba. Kipuri cha zamani kisitupwe mpaka kipya kimefungwa na kimekubali, kwa kuwa kipya mara nyingine huja kikiwa na tundu lisilolingana, na cha zamani ndicho kipimo pekee kilichobaki.

Bodi kwanza, rangi mwisho

Kwa gari ambalo bodi ndiyo chesisi, kukata sakafu yenye kutu ni kama kung'oa nguzo ya nyumba. Kabla ya grainda kuguswa, bodi isimamishwe sawasawa kwenye stendi imara na uwazi wa milango uimarishwe kwa vyuma vya muda vilivyochomelewa. Upande mmoja ukatwe, ukarabatiwe na kukamilika ndipo upande wa pili uguswe. Milango ifungwe mara kwa mara ili kupima kama nafasi zake zimebaki sawa.

Watengenezaji binafsi wa Marekani na Japani hutengeneza sakafu na mihimili ya 240Z ikiwa tayari. Fundi bati mzuri wa hapa anaweza kukunja nyingi kati ya sehemu hizo akipewa sampuli. Asichotakiwa kufanya ni kubandika bati jipya juu ya bati lililooza. Kutu huendelea kula katikati ya mabati hayo mawili, na mwaka unaofuata kiraka kinabaki kikishikilia hewa.

Rangi ndiyo kazi ya mwisho kubwa ya bodi, ingawa ndiyo inayotamaniwa na wengi kwanza. Rangi mpya juu ya kazi ambayo haijakamilika itakwaruzwa na spana, itaungua kwa cheche, na italipiwa mara mbili.

Injini ipimwe kabla ya kufunguliwa

Injini ya L24 huwatisha wanaoanza, kumbe ni sehemu iliyo rafiki zaidi kwenye gari hili. Bloki ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na kamshafti iliyo juu huendeshwa kwa cheni. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, vipimo vilevile vya injini ya silinda nne ya Datsun 1600. Kimsingi ni injini hiyo iliyoongezwa silinda mbili. Fundi aliyezoea Datsun za miaka hiyo hatapotea.

Gari lililosimama miaka mingi lisisukumwe wala kuwashwa kwa pupa. Ng'oa plagi, tia mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha kranki kwa mkono ukitumia spana. Ikizunguka vizuri, badilisha mafuta ya injini na filta, kisha pima kompresheni.

Vipimo vya silinda sita vikikaribiana, huenda injini haihitaji kufunguliwa kabisa. Silinda moja ikiwa chini, tia mafuta kidogo humo upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tatizo lipo kwenye valvu au gasketi. Jaribio hilo la nusu saa linaweza kuokoa gharama ya oveholi nzima.

Tangi la petroli ndilo huwarudisha wengi nyuma. Petroli ya miaka mingi huacha gundi, na unyevu huleta kutu ndani ya tangi. Injini ikiwashwa kabla ya tangi kusafishwa na mipira ya mafuta kubadilishwa, uchafu wote huishia kwenye kabureta. Kabureta zenyewe, ambazo ni Hitachi zenye muundo wa SU, ni rahisi kusafisha, lakini ni lazima zisawazishwe ili zivute hewa kwa kiwango kimoja.

Breki zitangulie injini. Masta silinda, silinda za magurudumu ya nyuma na mipira yote ya breki vibadilishwe bila mjadala, hata kama havivuji. Gari lisilowaka haliui mtu, lakini lisilosimama linaweza kuua.

Afya haina spea

Karakana ya nyumbani haina msimamizi, kwa hiyo mwenye kazi ndiye msimamizi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma kwenye sakafu ngumu.

Usichomelee tangi la petroli hata kama limekauka miezi sita. Mvuke uliobaki unatosha kulilipua. Kazi hiyo apewe mwenye vifaa vya kuondoa mvuke wote kwanza.

Breki za miaka hiyo huweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa wala kufagiliwa likiwa kavu. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa ambacho kitatupwa kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na kemikali ya kukausha nyingi zina aisosayaneti, ambayo huweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakisaidii. Asiye na kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira ampelekee fundi rangi mwenye chumba maalumu.

Kwa 240Z kuna tahadhari moja ya ziada. Mpira wa mlango wa buti ukichakaa, moshi wa ekzosi hunyonywa na kuingia ndani gari likiwa kwenye mwendo. Anayeendesha akasikia harufu hiyo asiizoee. Mipira ya buti na ya taa za nyuma ibadilishwe.

Nani anapata faida

Ikiwa mwenye gari hapati faida kwa urahisi, fedha yake inakwenda kwa nani? Inakwenda kwa fundi bati, fundi rangi, fundi viti, mchonga silinda, mchovya kromu, muuza mipira na msafirishaji wa vipuri. Hao hulipwa kazi ikikamilika, na hata mwenye gari akikata tamaa katikati, walishalipwa sehemu yao.

Mfanyabiashara mdogo mwenye jicho la biashara atajifunza hapo. Badala ya kununua gari zima na kufunga mtaji wake kwa miaka, anaweza kuuza ujuzi mmoja: kushona viti kwa sampuli ya zamani, kusafisha na kusawazisha kabureta, au kuokoa vipuri vya Datsun vilivyosahaulika kwenye maghala. Mtaji wake utazunguka mara nyingi kwa mwaka, wakati wa mwenye gari umekaa chini ya turubai.

Na mwenye trekta kuukuu, mathalani Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, afanye ukaguzi uleule akiwa na hesabu tofauti kidogo. Trekta likifufuka linalima, na kila ekari ina bei inayojulikana kijijini. Gharama ya kulifufua igawanywe kwa kile kinachobaki katika kila ekari baada ya kutoa dizeli na dereva. Jibu litaonyesha ni ekari ngapi zinahitajika kurudisha fedha, na kama majirani wana ekari hizo.

Gari la mbio halina ekari. Anayelifufua hupata ujuzi wa mikono na furaha ya kuendesha kitu alichokirudisha mwenyewe. Hayo ni malipo halali kabisa, mradi yalipwe kwa fedha ya ziada, isiwe ada ya shule, mbegu ya msimu ujao au mtaji wa duka.

Basi anayekwenda kuangalia gari la kale wiki hii aandike mambo matano kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Kikomo cha fedha. Saa anazoweza kutoa kila wiki. Mahali pakavu pa kulilaza gari. Jina la fundi bati atakayeifanya kazi asiyoiweza mwenyewe. Na hatua ambayo akifika huku kikomo kimevukwa, atalifunga gari na kuliuza likiwa bado gari.

Kisha achukue sumaku, bisibisi na turubai, na alale chini ya gari kabla ya kuuliza bei.